Barua ya wazi kwa wakubwa wa Mtwara na Lindi: kabla hamjagawa kiti kingine wekeni kwanza hela ya beringi

Waheshimiwa wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, wabunge wetu, madiwani na maafisa ustawi wa jamii wote wa huku kusini, wale wa kuamkiwa shikamooni, wale marika yangu habari za kazi.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Masasi, maeneo ya Mkuti. Sio mlemavu, na nalisema hilo mapema maana kuna watu wataniuliza imekuwaje nawaandikia nyie kuhusu viti mwendo na baiskeli za walemavu wakati wenyewe wapo na midomo wanayo. Wanayo kweli na wanaongea vizuri kuliko mimi, mngekuwa mnawaita kwenye vikao mwanzo mpaka mwisho, sio kuwaita tu siku ya kugawa, nisingehangaika kuandika. Ila mimi ndo ninayevifungua hivyo viti vikishaharibika, na ndo ninayewatajia bei, alafu naangalia mtu anavyonyamaza akishasikia hiyo bei.

Ombi langu naliweka hapa juu ili mwenye haraka zake aishie hapa. Mkipata bajeti ya viti kumi, nunueni nane. Hela ya vile viwili inunue matairi, tyubu, beringi (zile pete za gololi zinazozungusha gurudumu), vigurudumu vidogo vya mbele, vitambaa vya kukalia, na ilipe fundi. Najua viti nane kwenye picha havipendezi kama kumi, na najua kuna watu wawili watakosa siku hiyo na hilo linauma, sio kwamba silioni. Lakini hivi sasa mnagawa kumi na mvua mbili tatu zikipita vinavyotembea ni vichache, kwaiyo wanaokosa ni wengi zaidi, tofauti yake wanakosa kimyakimya wakiwa wameshapigwa picha.

Ngoja niwaeleze kinachoua hivi viti maana nahisi hamjawahi kuelezwa na mtu mwenye grisi mkononi.

Kile kiti kinachotolewa sana kwenye hafla ni kile cha kukunja, bomba linang'aa, kitambaa cheusi, nyuma matairi membamba na mbele vigurudumu viwili vidogo vigumu kama vya toroli la sokoni. Kile ni kiti cha kutembea kwenye korido ya hospitali, sakafu ya saruji, mtu anatolewa wodini anapelekwa eksirei anarudishwa. Sasa nyie mnampa mtu wa Lulindi au wa Nanyamba au wa kule Mahuta ambako kutoka kwake mpaka barabarani ni mchanga mtupu. Kigurudumu cha mbele kinazama. Anayemsukuma anachoka kusukuma, anageuza kiti anaanza kukivuta kinyumenyume, na ndo utaona watu wengi huku wanavutwa hivyo, mgongo mbele. Mchanga unaingia kwenye beringi za mbele, kwanza zinalia, alafu zinakaba, zikishakaba kigurudumu hakizunguki kinaburuzwa, kinalika upande mmoja, foku yake, yani uma wa chuma unaokishika, inapinda, na siku kikigonga kisiki cha mkorosho ndo basi tena. Kwa wenzetu wa Mikindani, Kilwa na Lindi mjini kuna na chumvi ya bahari, kule bomba linaoza kwa ndani juu linang'aa tu, mpaka siku linakatika mtu akiwa amekaa.

Afu kinakuja kwangu. Sasa sikilizeni bei.

Tairi la baiskeli ya kawaida hapa kwetu ni kama sh 15,000 mpaka 20,000, tyubu ni sh 5,000 hivi. Hilo angalau mtu anaweza kujikusanya. Ila tairi la kiti mara nyingi ni saizi ambayo maduka yetu hayana, maduka yamejaa ya inchi 26 na 28, kwaiyo unaagiza Dar. Vigurudumu vya mbele navyo ni kuagiza, bei ninazotajiwa kwa simu kutoka Kariakoo jozi moja inafika sh 40,000 au 50,000, hapo hujamlipa kijana aliyezunguka kukutafutia, hujalipa kifurushi cha basi, na saa ingine kikifika unakuta tundu la ekseli ni kubwa kuliko ekseli yenyewe inabidi uchonge bushi, kibomba cha kuziba hiyo nafasi. Mimi ufundi wangu nachaji kidogo kuliko vyote hivyo. Wakati mwingine sichaji kabisa, na sio kwamba ni mtu mwema sana, yani unamwambiaje mtu aliyekuja anavutwa na mjukuu wake kwamba ufundi ni elfu kumi. Wengine wananiambia fundi nitengenezee, korosho zikilipwa nakuletea. Naandika kwenye daftari. Hela ya korosho huku inaingia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili kwenye minada, viti vinakufa masika, mwezi wa pili wa tatu wa nne kwenye matope, kwaiyo katikati hapo ni fundi anayemkopesha mlemavu. Nadhani mnaona hilo halijakaa sawa.

Kuna na mambo ambayo hata hela ikiwepo siyawezi. Kiti cha alumini kikivunjika huwezi kukichomelea kwa mashine ya kulehemu ya fimbo tuliyonayo sisi huku, na viti vyepesi vizurivizuri vingi ni alumini. Na vile vya bomba jembamba la chuma ukigusa na fimbo linatoboka, unajikuta unaweka kipande cha bomba kwa ndani na kipande kwa nje, kiti kinakuwa kizito na hakikunjiki tena, na mtu aliyekuwa anapanda nacho daladala sasa haruhusiwi kwasababu konda anasema kinachukua nafasi ya watu wawili. Hapo kwangu kuna kiti cha mzee mmoja kimekaa tangu masika, ni alumini, shingo ya foku imekatika. Mzee mwenyewe anapiga simu ananiuliza fundi vipi, namwambia mzee bado. Anashona majamvi, zamani alikuwa anakuja nayo mwenyewe sokoni, sasa anampa mtu amuuzie, na huyo mtu anarudi na hela anayoijua yeye.

Kitambaa cha kukalia nacho msikidharau. Kikilegea kinakuwa shimo, mtu anakalia mifupa, na kama ni mtu ambaye hana hisia kuanzia kiunoni kushuka hajui kama anaumia mpaka kidonda kimeshafunguka. Vile vidonda vya kukalia vinalaza watu miezi na vinaua. Kushona turubai jipya na kuweka godoro la maana ni kazi ya fundi cherehani wa hapa hapa. Hesabuni wenyewe kipi ghali, turubai au kitanda cha hospitali ya Ligula au Ndanda mwezi mzima.

Na magongo jamani. Ule mpira wa chini ya gongo, kitu kidogo vile, ukiisha hakuna mahali unaupata, watu wanachonga kipande cha tairi la pikipiki wanapigilia msumari, msumari unatokeza, na tairi la pikipiki kwenye malumalu yenye maji linateleza vibaya. Malumalu yenye maji yako wapi? Kwenye ofisi zenu, asubuhi, wahudumu wakishadeki.

Wa miguu bandia siwaongelei sana maana sio fani yangu, wao wakija kwangu na kifundo kimelegea nawaambia ukweli kwamba sitagusa. Waliopita kwangu wote waliambiwa waende Dar au Moshi. Nauli ya kwenda na kurudi, na wa kumsindikiza, na pa kulala. Ninyi hospitali ya rufaa ya kanda mmeletewa pale Mitengo, Mtwara, ni jambo kubwa na tunashukuru, ulizeni basi kama inaweza kuwa na chumba kimoja cha karakana ya hivi vitu kwa mikoa yote miwili.

Sasa mtaniambia kuna ile mikopo ya asilimia mbili. Naijua, asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ikasimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ni jambo zuri na nina wateja wamefungulia vibanda kwa hiyo hela. Lakini ule ni mkopo wa biashara, unarudishwa. Nani akope hela ya beringi? Mtu achukue mkopo ili aweze kufika kwenye biashara ambayo ndo ilipe mkopo, na kiti kikifa katikati marejesho yanaendelea palepale. Na hayo mapato ya ndani sehemu kubwa huku kwetu ni ushuru wa korosho, na wapo walemavu wakulima ambao wanakatwa huo ushuru kama wengine, kwaiyo sio kwamba wanaomba sadaka.

Gari la halmashauri lina fungu la matengenezo, lina fungu la matairi, na likikwama mtu anatumwa Mtwara mjini siku hiyohiyo. Hakuna anayesema tumeshalinunua basi yatosha. Kiti peke yake ndo kinanunuliwa kana kwamba hakitaharibika.

Kijana mmoja wa ustawi alinionyesha kwenye simu yake mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa viti mwendo kwa nchi za kipato kidogo, wa 2008. Wameweka hatua nane. Mtu anaelekezwa kwenye huduma, anapimwa, anaandikiwa kiti kinachomfaa, inatafutwa hela, kiti kinaandaliwa, anakalishwa kirekebishwe kulingana na mwili wake, anafundishwa kukitumia, na ya nane ni kumfuatilia na kukitengeneza kikiharibika. Sisi huku tunaruka karibu zote tunakwenda moja kwa moja kwenye kukabidhi. Humohumo walikadiria kwamba kama asilimia moja ya watu wanahitaji kiti. Sensa ya 2022 iliipa Mtwara watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028, kwaiyo kwa makadirio hayo ni kama elfu kumi na sita upande wa Mtwara na karibu elfu kumi na mbili upande wa Lindi. Hakuna halmashauri itakayonunua viti vyote hivyo, hata muuze korosho zote. Ndo maana nasema kile ambacho kimeshanunuliwa kisife, hicho ni cha bei rahisi kuliko chote mtakachofanya.

Na sheria mnazo. Nchi yetu imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, ibara ya 20 inaongelea mtu kuweza kutembea na kupata vifaa bora kwa gharama anayoimudu. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, nayo imetaja mpaka mfuko wa taifa. Sikusoma sana mimi lakini gharama anayoimudu naielewa, na sh 50,000 za vigurudumu kwa mshona majamvi sio hiyo.

Kuna jambo lingine linanikera kidogo kama fundi. Viti vinakuja kila kimoja na baba yake. Mwaka huu kampuni imetoa aina hii, mwakani kanisa aina ile, afu mbunge kanunua aina ya tatu, msikiti umeletewa mitumba kutoka Ulaya aina nane tofauti. Hakuna spea ya kimoja inayoingia kwenye kingine. Zawadi haikataliwi, sawa, lakini nyie mnayo nafasi ya kumwambia mfadhili kabla hajanunua kwamba sisi mkoa wetu tunatumia kiti cha aina hii, gurudumu la nyuma liwe la saizi inayopatikana madukani kwetu, la mbele liwe pana la mpira, beringi ziwe za saizi ya kawaida zinazouzwa kila duka la spea. Viti vya namna hiyo vipo, sio ndoto za fundi. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani ambaye mwenyewe anatumia kiti tangu apate ajali ya pikipiki, miaka ya 1980 alikaa na mafundi walemavu wa Nikaragua wakatengeneza viti vya kutengenezeka na fundi wa kijijini, na mpaka leo michoro ya namna ile inatumika nchi nyingi. Kwetu hapahapa nchini, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna chuo, TATCOT, kinafundisha wataalam wa viungo bandia na viti mwendo. Kwaiyo utaalamu upo ndani ya nchi, ni kuupigia simu.

Ile baiskeli ya miguu mitatu ya kunyonga kwa mikono ndo mimi naipenda. Cheni, friwili, spoku, gololi, vyote najua vinapouzwa, mchanga inauweza kiasi, na mtu anabeba na mzigo wake nyuma akauze. Shida yake haiingii ndani ya nyumba na sio kila mtu ana mikono ya kunyonga, kwaiyo haiwezi kuwa jibu la wote. Na nyie hamlioni hili lakini sisi tunaliona: mafundi baiskeli tunaisha. Bodaboda zimejaa, baiskeli zimepungua, vijana wanataka kujifunza pikipiki na sio kosa lao, na maduka yanafuata soko. Spoku zilizokuwa kila kona sasa unazunguka. Miaka michache ijayo mtagawa baiskeli za walemavu na hakutakuwa na mtu wa kukaza spoku zake.

Kuhusu kodi niseme moja tu. Kiti kikiingia nchini kama kifaa cha mlemavu kinasamehewa ushuru. Beringi ninayoinunua mimi dukani hakuna anayejua inaenda kwenye kiti, inauzwa na kodi yake yote. Kwaiyo msamaha unamfikia anayetoa kiti, anayekikalia miaka yote hajawahi kuuona.

Basi ninachokiona mimi kingefanya kazi ni hiki, na nyie wasomi mtakiweka kwenye lugha yenu. Kila halmashauri iweke fungu dogo la matengenezo kwenye bajeti, ruzuku sio mkopo, chini ya ustawi wa jamii. Iwepo stoo moja ya spea hospitali ya wilaya, sanduku tu, matairi, tyubu, beringi, vigurudumu, mipira ya magongo, turubai. Mnakumbuka mvua za 2024 na kile kimbunga Hidaya barabara ya Dar ilivyokatika huku Lindi, mizigo ikalala njiani, sasa mtu mwenye kiti asubiri daraja lijengwe ndo apate tyubu? Spea zikae huku. Afu mafundi wachache kila tarafa waandikwe, wapimwe kama wanajua kazi, walipwe kwa kazi. SIDO Mtwara, wale wa viwanda vidogo, wanaweza kuchonga foku na bushi. Vyuo vya ufundi vya VETA Mtwara na Lindi vinaweza kuweka kozi fupi, na wa kwanza kuchukuliwa wawe walemavu wenyewe, maana hakuna anayekijua kiti kama anayeshinda juu yake, na kazi hii unaifanya umekaa.

Mtasema huyu fundi anatafuta tenda. Ndio natafuta. Kazi naifanya tayari, nataka anilipe mwenye bajeti badala ya kumkaba asiyenacho. Na najua pia pakishakuwa na fungu kuna atakayeliona ulaji, risiti zitaandikwa matairi ambayo hayakufungwa popote. Kwaiyo wekeni kwamba hela haitoki mpaka mwenye kiti mwenyewe aweke saini au dole gumba kwamba kimetengenezwa na kinatembea, mwenye kiti, sio mwenyekiti wa kitongoji. Na CHAWATA (chama cha walemavu) na SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vyao) wa wilaya wapewe hiyo orodha waikague, wao wanajuana nyumba kwa nyumba.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti zenu zinapangwa miezi kadhaa kabla, kwaiyo msiseme mmechelewa kuambiwa. Cha kwanza hakihitaji hata hela, ni afisa ustawi wa kila kata kupita kwenye ile orodha ya waliogawiwa viti, si majina mnayo yote, aandike kipi kinatembea na kipi kimefia uvunguni na kimeharibika nini. Wa Masasi anaweza kuanzia kwangu, vipo vinaniziba mlango. Nafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa nafunga kwa ajili ya swala narudi saa nane. Na akija na kiti chochote cha alumini cha kuchukua foku, anibebee.